Kibao cha Pili cha Hawks Nest

Kibao cha kwanza tulikipita kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na mpwa wangu alipofika neno la tatu kilikuwa kimeshabaki nyuma. "Anko, kile kilikuwa kinasema nini?" Sikujua. Kilichofuata nacho kikatuponyoka vivyo hivyo. Cha tatu nikamwambia punguza mwendo, washa indiketa, simama pembeni.

Tulikuwa tumetoka Columbus, Ohio, alfajiri. Nia yetu ilikuwa kuliona daraja la New River Gorge, lile la upinde wa chuma lililofunguliwa 1977, mita 267 juu ya mto. Tupige picha, tule, turudi nyumbani siku hiyo hiyo. Daraja tulilifikia jua likizama, na usiku ule tukalala huko huko kwenye kaunti ya Fayette. Vibao vya historia vya kando ya barabara ndivyo vilivyotuweka.

Mtu anayeendesha gari kwenye barabara za mashambani Marekani ameviona bila shaka: bamba la alumini ya kusubu juu ya nguzo, herufi zimeinuka kiasi kwamba hata asiyeona angeweza kuzisoma kwa vidole. West Virginia ilianza mpango wake wa vibao mwaka 1937, enzi za ule mdororo mkubwa wa uchumi, serikali ilipokuwa ikitafuta kila namna ya kuwapa watu kazi. Vibao vingi vya aina hii nchini humo husubiwa na karakana moja ya Marietta, Ohio, iitwayo Sewah, inayofanya kazi hiyo tangu 1927. Jina lake ni jina la mwanzilishi, Hawes, lililoandikwa kinyumenyume. Jambo hilo lilimfurahisha mpwa wangu kuliko chochote alichosikia asubuhi ile.

Kibao ni kama jina la kanga: hakina nafasi ya kujieleza. Mistari michache, basi. Anayekiandika analazimika kuchagua, na alichokiacha hakionekani.

Fayette ni kaunti ya milima iliyobanana. Barabara ya 60 inaufuata mto Kanawha kutoka Charleston, inapita Alloy, ambako majengo marefu ya kiwanda cha kuyeyushia madini yamejipanga kati ya lami na maji, kisha inafika Gauley Bridge, mji mdogo ambapo mito miwili, New na Gauley, inakutana na kuzaa Kanawha. Pale mtoni bado zimesimama nguzo za mawe za daraja lililochomwa moto 1861, mwaka wa kwanza wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baada ya hapo barabara inaanza kupanda, kona juu ya kona, miti imefunga pande zote mbili, na simu inapoteza mtandao.

Tulijiwekea utaratibu. Kijana anashuka, anasimama mbele ya kibao, anasoma kwa sauti. Mimi nabaki mlangoni mwa gari nasikiliza. Amezaliwa Marekani, Kiingereza chake ni cha huko, na anasoma vizuri. Kwa njia hiyo nikasikia kwamba kaunti hii iliundwa 1831 na kupewa jina la Lafayette, yule jenerali Mfaransa aliyewasaidia Wamarekani dhidi ya Waingereza. Nikasikia pia kwamba Ansted, mji mmoja mbele yetu, ndiko alikozikwa Julia Neale Jackson, aliyefariki mwaka huo huo wa 1831. Kibao chake kinamtaja kwa sababu moja: alimzaa Stonewall Jackson, jenerali wa jeshi la Kusini lililopigana kuulinda utumwa. Mama wa watu alikufa mtoto wake akiwa na miaka saba tu, hakujua lolote la vita, na kibao chake ni cha mwanawe kuliko chake yeye. Hata hivyo ana jina. Nilimwambia kijana alikumbuke hilo, kwa sababu nilikuwa nimesoma habari za tunakokwenda na nilijua jina lingekuja kuwa jambo.

Hawks Nest ni genge. Unaegesha gari, unatembea hatua chache hadi ukuta wa mawe, na ghafla nchi inakwisha miguuni pako. Chini kabisa maji yametulia, ya kijani kibichi, yamezuiwa na bwawa. Reli inakwenda kando yake kama uzi. Niliona mwewe mmoja akizunguka chini yetu. Si kila siku mtu anamtazama mwewe mgongoni.

Hawks Nest ina vibao viwili vinavyozungumzia jambo lile lile.

Cha zamani kinasema kwamba genge hili liliwahi kuitwa Nguzo ya Marshall, kwa heshima ya John Marshall, Jaji Mkuu wa Marekani, aliyefika hapa 1812. Kinasema wahandisi wamelipima korongo, futi 585 kwenda chini, wakaliona limeshinda hata korongo mashuhuri la Royal Gorge. Kisha kinamalizia kwa sentensi moja: handaki la kupitisha mto linazalisha hapa nguvu kubwa ya maji. Nukta.

Kijana alikisoma, akatazama chini bondeni, akasema, "Sawa. Handaki liko wapi?"

"Ndani ya mlima huu tuliosimama."

Kibao cha pili kiliwekwa 1986. Nitakisimulia kwa maneno yangu, maana ndicho kilichonifanya nikae kuandika. Kinasema ujenzi wa handaki hilo, lililouchepusha mto New kupitia mlima Gauley kwa ajili ya umeme, ulileta maafa makubwa kuliko yote katika historia ya viwanda ya jimbo hili. Vumbi la mwamba wa silika liliua. Vifo vilivyokiriwa ni 109, kati ya vibarua 3,000 wa chini ya ardhi, wengi wao watu weusi waliotoka majimbo mengine. Kikao cha Bunge la Marekani kikataja 476, kwa miaka ya 1930 hadi 1935. Kutokana na msiba huo, ugonjwa wa mapafu wa silikosisi ukatambuliwa kuwa ni ugonjwa wa kazini, na sheria ya fidia ikatungwa.

Mpwa wangu alisita kwenye neno moja, lile la vifo 109. "Anko, hapa kwa Kiswahili tungesemaje?"

Nikajibu haraka: vilivyokubaliwa. Halafu nikajisahihisha. Mtu hukubali mwaliko, hukubali posa. Anayekiri ni yule aliyekuwa na jambo mkononi, akalificha nyuma ya mgongo, mpaka akabanwa. Vifo 109 ni vile ambavyo wenye kazi walikiri. Aliyeandika kibao angeweza kusema tu kwamba watu 109 walikufa. Nafasi ilikuwa finyu na kila herufi ina bei. Aliamua kulilipia neno lile. Kwangu mimi ni neno la kijasiri kuliko yote niliyoyasoma kando ya barabara ile, maana linamwambia dereva anayepita kwamba namba hii ina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na sababu ya kuipunguza.

Habari yenyewe ni hii. Kampuni ya Union Carbide ilihitaji umeme mwingi kwa kiwanda chake cha Alloy, kile tulichokipita asubuhi. Mto ulikuwa unazunguka mlima. Wakaamua kuutoboa mlima ili maji yaanguke kwa njia ya mkato. Kazi wakampa mkandarasi kutoka Virginia, Rinehart na Dennis, akaanza 1930. Handaki lina urefu wa karibu kilomita 5. Wakati ule viwanda vilikuwa vimefunga na pamba imeshuka bei, hivyo watu walikuja kwa mamia kutoka Carolina zote mbili, Georgia na Alabama, kwa ujira wa senti chache kwa saa, wakawekwa kambini, weusi mbali na weupe.

Mwamba waliokutana nao ulikuwa silika karibu tupu. Kwa kiwanda ilikuwa neema, kwani silika ndiyo malighafi ya kuyeyushia kule Alloy. Sehemu ya handaki ikapanuliwa na mawe yakapelekwa huko. Kwa mapafu ya mtu ni habari nyingine. Chembe za silika ni ndogo mno, hazionekani kwa jicho, na zikishaingia ndani kabisa ya pafu hazitoki. Pafu linajaribu kuzizingira kwa kovu, kovu juu ya kovu, mpaka nyama laini inakuwa ngumu na pumzi inakosa pa kwenda. Kwa kawaida huchukua miaka mingi. Hapa vumbi lilikuwa zito kiasi kwamba watu walianza kufa ndani ya mwaka mmoja au miwili, wengine baada ya miezi.

Kinga ilijulikana. Ukitoboa mwamba huku unamwaga maji kwenye tundu, vumbi linakuwa tope. Lakini kutoboa kukavu ni haraka zaidi, na mashahidi waliokwenda mbele ya Bunge 1936 walieleza jinsi kazi ilivyoendeshwa kikavu. Wahandisi waliokuja kukagua walivaa barakoa, vibarua hawakupewa. Mashahidi walisema pia kwamba watu walipotoka mle ndani jioni hukuweza kumtambua mweusi na mweupe: wote walikuwa rangi moja, rangi ya unga. Waliougua walipewa vidonge vyeusi ambavyo wenyewe walivibatiza vishetani vidogo. Na kesi zilipofika mwisho, fidia ilipangwa kwa rangi ya mtu: familia ya mzungu juu, familia ya mweusi chini yake, kwa pafu lile lile.

Idadi kamili haitajulikana kamwe. Wengi walipoanza kubanwa kifua walirudi kwao kusini wakafie nyumbani, na huko hakuna aliyeunganisha kaburi la kijijini Georgia na mlima wa West Virginia. Mwaka ule ule wa kibao, daktari Martin Cherniack alitoa kitabu chake juu ya maafa haya. Yeye alikadiria 764.

Mia moja na tisa. Mia nne sabini na sita. Mia saba sitini na nne. Nilizitamka namba hizo kwa Kiswahili pale ukutani, polepole, na kijana akazirudia.

Nieleze kwa nini jambo hili lilinishika. Baba yangu, babu yake huyu kijana, aliandikishwa Tukuyu katika miaka ya mwisho ya 1950 kwenda kwenye migodi ya dhahabu ya Johannesburg, kama walivyokwenda vijana wengi wa Rungwe. Alirudi na baiskeli, blanketi mbili, redio, na kikohozi. Redio ilidumu kuliko yeye. Ninamkumbuka akiwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mikono imeshika magoti, mabega yamepanda, akivuta hewa kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu. Cheti chake kiliandikwa kifua kikuu. Nilikuwa mtu mzima nilipojifunza kwamba vumbi la silika hulifungulia mlango bakteria huyo, na kwamba miamba ya dhahabu ya kule imejaa silika.

Kwa hiyo niliposikia maneno ya kibao kile yakisomwa na sauti ya mjukuu wake, nilikaa kwenye ukuta wa mawe kidogo. Kijana hakuuliza. Alikwenda garini akaniletea maji.

Kuna jambo lingine unaliona kutoka barabarani ukishajua la kutafuta. Chini ya bwawa, New, mto ambao una nguvu ya kuchimba korongo zima, unageuka kuwa mawe. Majabali meupe yametawanyika, na madimbwi katikati yake. Maji yote yameingia ndani ya mlima na yatatokea ng'ambo, karibu na Gauley Bridge, kwenye jengo la mitambo. Wenyeji wanapaita Makavu, kwa lugha yao, na jina hilo halina kibao. Handaki linafanya kazi hadi leo.

Ansted tulikula maharage na mkate wa mahindi. Chakula hicho kilitufanya tujione hatuko mbali sana na kwetu. Mama aliyetuhudumia, mtu mzima mwenye nywele nyeupe, alituuliza tumeona nini, nikamwambia. Akaweka birika la kahawa mezani. Alisema kwao walipokuwa watoto handaki halikuzungumzwa. Wanaume wa nyumbani walizungumza makaa ya mawe, vita, uwindaji, handaki, hapana. Yeye mwenyewe, alisema, alilijua vizuri kwa kusoma kibao, akiwa tayari ni mama wa watoto wawili. Akachukua birika akaenda meza nyingine, kisha akarudi na vipande viwili vya pai ya tufaha ambavyo hatukuviagiza.

Najua wapo wanaosema kibao si kitu, ni bati kwenye nguzo, kazi ya serikali kujiosha. Mama yule aliishi maili chache kutoka handakini, na bati lile ndilo lililomfungulia mdomo. Na walioliweka walikuwa na njia rahisi: kukiondoa cha zamani kimya kimya na kuandika kipya. Vimebaki viwili, cha majigambo na cha maiti, na msafiri anayesoma vyote viwili anapata kitu ambacho kimoja peke yake kisingempa: anaona kwamba jimbo lilijua kusifu nguvu ya maji muda mrefu kabla halijaweza kutaja watu.

Mbele kidogo, ukiiacha barabara ya 60 na kushuka bondeni, kuna Winona. Huko alifundisha Carter G. Woodson kabla ya 1900, yule mwanahistoria aliyeanzisha 1926 Wiki ya Historia ya Weusi, ambayo leo ni mwezi mzima. Kabla ya kufundisha alichimba makaa katika kaunti hii hii. Mchimbaji mwenzake, Oliver Jones, askari mstaafu wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, hakujua kusoma lakini alinunua magazeti na vitabu, akamwita kijana Woodson jioni awasomee wachimbaji kwa sauti, na malipo yake yalikuwa matunda na aiskrimu. Woodson alisema baadaye kwamba hamu yake ya historia ya watu wake ilikolezwa na mikutano ile. Nilimsimulia mpwa wangu tukiwa tunakata kona za kwenda Fayetteville. Akasema, "Kwa hiyo na mimi unanidai aiskrimu, au nakudai?" Nikamnunulia.

Asubuhi iliyofuata tulichukua barabara ya 19 kuelekea kaskazini, tukavuka mpaka wa kaunti hadi Summersville. Watu weusi waliofia kwenye kambi za handaki hawakuwa na pa kuzikwa, kwa sababu makaburi ya mji yalikuwa ya weupe. Wengine walizikwa kwenye shamba huko Summersville, bila alama. Mwaka 1972 barabara hii ya 19 ilipopanuliwa, mabaki yalifukuliwa, yakatiwa kwenye visanduku vidogo vya ukubwa wa mtoto, yakazikwa upya karibu na ziwa. Miti ikaota. Watu wakasahau tena, mara ya pili, hadi wakazi wachache walipoanza kupatafuta na kupasafisha. 2012 pakawekwa wakfu rasmi.

Ni mahali padogo, chini ya miti, lori za barabara kuu zinasikika. Makaburi mengi hayana jiwe. Unayatambua kwa namna ardhi ilivyobonyea, vibonde vifupi vilivyojaa majani makavu. Kijana alianza kuvihesabu. Alifika ishirini na kitu, akapotea, akarudi mwanzo, safari hii akiweka kijiti kila anapopita. Nilimwacha.

Alipomaliza alikuja akasimama karibu nami.

"Babu amezikwa wapi?"

"Tukuyu. Nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi. Umeshawahi kuuona kwenye picha."

"Kaburi lina jina?"

"Lina. Na mwaka."

Akatoa simu. Akafungua ukurasa mtupu akaniambia nimtajie. Nikamtajia jina kamili, la ukoo na la ubatizo, naye akaliandika akiniuliza kila herufi. Nikamtajia kijiji, mwaka aliokwenda, mwaka aliorudi, mwaka aliofariki. Kisha kidole chake kikasimama juu ya kioo.

"Alikufa kwa nini, Anko? Niandike kile cha kwenye cheti?"

"Andika vumbi," nikamwambia. "Halafu andika kifua kikuu. Kwa mpangilio huo."